Nati ya Bi Kizee

4 Februari

Kwako Dada Kompyuta, uliyetukimbia sisi na grisi zetu,

Zipokee salamu hizi kwa mikono miwili, maana ni nzito na nimezibeba mwenyewe. Huku sote wazima. Mama Mkubwa goti linamuuma akipanda ngazi, akishuka haliumi. Sasa sijui hilo goti au mpangaji mkorofi. Paka kazaa ndani ya sanduku la misumari. Mimi ndiyo usiulize: nimependeza, nimejaa mabega, mtaa mzima wananiita Injinia na sijaona sababu ya kuwakataza.

Naandika kwa sababu huyo Mama Mkubwa, mama yako, kakataza tusipigiane simu. Anasema tangu siku ile tuliyogombana hadi majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri, basi tuandikiane, karatasi haipazi sauti. Haya.

Neno lenyewe ni hili. Bi Kizee anaumwa. Naam, mashine yetu ya kukereza chuma, mke wa pili wa baba yako. Ukizungusha mpini wa kupeleka kisu mbele, mpini unazunguka, kisu kimetulia kama mgeni anayesubiri chai. Nilimfungua mwenyewe, nani mwingine? Nikakuta ile nati ya shaba inayotambaa juu ya skrubu ndefu, hesi zake zimelika. Mifereji yote ya kuzunguka ndani imebaki fizi za kibogoyo. Nati ya namna hiyo haiuzwi popote. Waliomuunda Bi Kizee walishakufa na wajukuu wao wanauza viatu. Ningeikata mimi kabla chai haijapoa, unaujua mkono wangu, lakini wa kuikatia ni Bi Kizee huyohuyo. Mganga ndiye mgonjwa.

Nati isipopatikana, baba yako, Baba Mkubwa wangu, anasema atamwachia mnunuzi wa chuma chakavu. Sasa akiondoka Bi Kizee, mimi nitakuwa fundi wa nini? Wa ufagio? Shule niliiacha au yenyewe iliniacha, hatukuagana vizuri. Ninachokijua duniani ni mashine ile.

Nikasema tutafute karakana nyingine watukatie. Baba Mkubwa akanijibu: "Mwandikie dada yako. Yeye anachora kitu kwenye kompyuta, kinatoka kimesimama." Kila siku dada yako, dada yako. Kile kishikio cha kalamu cha plastiki ulichomtumia kakiweka rafu ya juu kabisa, ilipokuwa bolti yangu ya kwanza. Bolti iko chini, inalala na paka.

Vipimo: skrubu ina unene wa milimita ishirini. Kutoka jino hadi jino, milimita nne. Meno si makali kama ya skrubu ya mbao. Juu ni bapa, mbavu zimelala kidogo, kama paa lililokatwa kilele. Unene wa jino kwa juu ni milimita moja kasoro kidogo. Nimepima katikati ya skrubu, pale panapong'aa, penye mwanga mzuri. Baba Mkubwa kasema nikueleze kila kitu. Kila kitu ndicho hicho.

Ndimi Injinia


27 Februari

Mdogo wangu Domo,

Nimekusikia kabla sijaifungua bahasha. Nami mzima. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, dirisha linatazama nguo za watu wengine zikikauka, na bomba la maji linakohoa kila alfajiri kama mzee. Mwambie Mama dawa ya goti nimeipata, ninaifunga humu pamoja na mzigo. Asiipake kwa siri na kuniambia haifanyi kazi.

Nimechelewa kwa sababu Bi Kizee amenitia aibu kazini. Programu yetu ina hesi zilizo tayari. Unachagua, unabofya, na kwenye kioo zinaonekana zimejipanga kama askari. Nikabofya, nikapeleka kwenye mashine ya kuchapa, ile inayodondosha plastiki ya moto tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Ikatoka nati yenye tundu laini kama koo la chupa! Kumbe zile hesi ni picha tu iliyobandikwa juu, za kumwambia fundi "hapa utakata". Mashine haisomi picha. Mwenzangu wa meza ya pili akaivaa kidoleni, akaniuliza harusi lini. Cheka, nimekuruhusu.

Basi nikazichora za kweli. Unachora fimbo. Halafu mstari unaoizunguka fimbo ukipanda, kama ngazi za mnara. Halafu sura ya jino moja, paa lako lisilo na kilele, unalitembeza juu ya mstari ule toka mwanzo hadi mwisho, na kila linapopita panachimbika. Nikachapa nati na kipande cha skrubu cha kuijaribia. Vikakataa kuingiana. Nilivichora sawasawa mno, na plastiki ikitoka ya moto hutanuka. Ikabidi niachie nafasi ya kupumua, robo ya milimita hivi. Sasa vinaingiana kama kidole na pete. Vyote viwili vimo humu. Ijaribuni hiyo kwanza. Ikikubali nitachapa nyingine kwa plastiki ngumu ya kazi.

Baba anasema nini? Siulizi kuhusu nati.

Mama aliniambia kwamba siku hizi ufunguo wa karakana unakaa kwako. Hongera. Mimi nilipokuwa hapo hata kufuli sikulishika.

Dada yako


19 Machi

Dada Mnara wa Ngazi,

Shikamoo, na Mama Mkubwa anasema dawa haifanyi kazi. Ananukia mpaka njiani, lakini haifanyi kazi. Paka wamefumbua macho. Mmoja ana sura yako, hasa akikasirika.

Mzigo ulifika. Ungemwona baba yako! Aliuweka mezani, akaita watu: fundi wa kuchomelea, fundi cherehani, hata yule muuza vioo ambaye hatusalimiani. Akafungua taratibu kama anamvua mtoto soksi. Akashika kile kipande cha skrubu, akakizungusha ndani ya nati, kikaingia laini, kikatoka laini. Akawapitishia wote.

"Mnaona? Binti yangu huyu. Hajashika tupa, hajashika nyundo."

Fundi wa kuchomelea akasema, "Damu ya fundi haipotei bwana."

Na mimi nimesimama palepale, damu yangu iko, hakuna aliyeiulizia hali.

Nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba chuma. Baba Mkubwa akaichukua nati, akaipeleka kwa Bi Kizee mwenyewe, akaiweka kwenye ncha ya skrubu, akazungusha. Ikagoma. Akapangusa skrubu, akajaribu tena. Ikagoma. Akaisogeza nati karibu na macho, si unajua macho yake. Hapo ndipo nilipopasuka kwa kicheko.

"Baba Mkubwa, hiyo ni ya kulia! Skrubu ya Bi Kizee ni ya kushoto! Mtu aliyewahi kushika mpini ule hata mara moja anaweza kukosa kujua?"

Dada, walicheka! Fundi cherehani alikaa chini. Maana hili hata paka wanalijua: hesi za mpini ule zinazunguka kinyume makusudi, ili ukizungusha kulia kama unavyofunga chupa, kisu kiende mbele. Zingekuwa za kawaida kisu kingekurudia tumboni.

Baba Mkubwa peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Hukumwandikia?" Nikamjibu, "Nilidhani anajua. Nani asiyejua?" Akaiweka nati chini, akanawa mikono, akaenda zake nyumbani na jua bado liko utosini. Chakula hakukigusa. Labda tumbo.

Basi chora tena, safari hii kushoto. Na pole, lakini kidogo tu.

Injinia wa Kushoto na Kulia


25 Aprili

Domo,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo.

Usiniambie ulidhani ninajua. Wewe unayekumbuka goti la Mama linauma akipanda na si akishuka, usahau skrubu inazunguka upande gani?

Ningejulia wapi? Siku uliyokuja kukaa kwetu, Baba alikupandisha juu ya kreti, akakushikisha mpini ule, mkono wake juu ya mkono wako. Mimi ni mkubwa kwako, na nilikuwa nimeuomba kwa muda mrefu kabla yako. Nikaambiwa nywele zitanaswa. Nikazisuka zikabana kichwani, nikarudi. Nikaambiwa nilete chai. Nikawa naileta na kusimama mlangoni. Mlangoni pale unauona mgongo wa Baba tu, mikono huioni. Huwezi kujua mkono unazunguka wapi ukiutazama mgongo.

Nimekuonea wivu tangu siku ile, na sikutaka uujue, kwa sababu ungeutundika ukutani.

Sichori tena kwa maneno ya mtu. Anayetaka nati aniletee skrubu yenyewe niishike.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Leo sina utani mwingi, kwa hiyo soma polepole usije ukadhani barua ni ya mtu mwingine.

Huku wazima, isipokuwa mimi na Bi Kizee. Barua yako ilisomwa na baba yako kabla yangu. Kwenye bahasha uliandika jina la karakana, na karakana ni yake, hivyo sina la kudai. Aliisoma amesimama. Akaikunja. Akaniambia nishike taa.

Akamfungua Bi Kizee mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Akaitoa ile skrubu ndefu, akaipangusa, akaifunga kwenye shati lake la kazi, lile lililo zima. Asubuhi hakuwepo. Mama Mkubwa anasema kapanda basi kuja kwako. Mimi hakuniaga. Mimi! Miaka yote hii nimekuwa macho yake, nikimsomea vipimo kwa sauti, na kunipeleka popote hajawahi. Leo kaenda safari ya siku nzima, kapakata chuma mapajani, kwa ajili yako.

Kwa kusema kweli, nilipoisoma ile habari ya kreti nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Nilidhani wewe ndiye uliyepewa kila kitu. Mtoto wa shule, mtoto wa rafu ya juu. Mimi ni wa kuokotwa, nikajipa moyo kwamba angalau Bi Kizee ni wangu. Sasa skrubu yake iko kwako, na baba yako yuko kwako, na mimi ninao ufunguo wa karakana yenye mashine mfu. Unautaka? Nitautuma.

Watu wanakuja na kazi nawarudisha. Nilijaribu kuichonga nati kwa tupa, kwa mkono. Usiniulize imetokaje. Hata paka waliondoka.

Mnunuzi wa chuma chakavu alipita akamgonga Bi Kizee ubavuni kwa kidole, kama anapima tikiti. Nikamwambia akigusa tena atarudi kwao bila kidole hicho.

Amefika salama? Kasema nini juu yangu? Usinifiche, hata kama ni baya. Hasa kama ni baya.

Injinia (bado)


11 Juni

Mdogo wangu,

Ufunguo kaa nao. Uliokotwa lini, wewe? Baba yako mzazi alikuleta kwetu kwa mkono wake, una begi jekundu, na ulianza kubishana kabla hujavua viatu.

Baba alifika salama, ana vumbi hadi kwenye kope. Hakusalimia vizuri. Alikaa kwenye kiti changu, akalifungua lile shati, akaniwekea skrubu mikononi, akasema, "Fumba macho. Zungusha nati ile ya zamani." Nikazungusha. "Sasa umejua?" Nikamwambia nimejua. Akasema, "Ilikuwa rahisi hivyo," akageukia dirishani akatazama nguo za watu kwa muda.

Kesho yake nilimpeleka ofisini. Alitaka kuona ninavyoigeuza hesi kuwa ya kushoto. Nikabofya mara moja, ule mstari wa ngazi ukapanda upande wa pili. Akakasirika! "Mara moja tu? Mimi nilihangaika na gia kutwa nzima kuikata hesi yangu ya kwanza ya kushoto." Mwenzangu wa meza ya pili alimtafutia soda.

Lakini alinikamata kwingine, na wewe pia. Vipimo vyako, bwana Injinia, ulipima katikati panapong'aa. Panang'aa kwa nini? Kwa sababu ndipo kisu hushinda kikienda na kurudi. Meno ya hapo yamekonda. Nati niliyochora kwa vipimo vyako ingefika kwenye ncha za skrubu, kwenye meno manene, ikakwama hata ingekuwa ya kushoto. Baba alipima mwishoni, kwa kucha kwanza, kisha kwa kipimo. Nikachora tena, nikaachia nafasi ya kupumua, tukachapa. Alivuta kiti akaitazama mashine tabaka kwa tabaka, hakutaka kula.

Ile ndani ya mzigo ndiyo nati ya plastiki ngumu. Imepita kwenye skrubu toka ncha hadi ncha. Haitadumu, lakini itamsimamisha Bi Kizee muda wa kutosha kujikatia nati yake mwenyewe ya shaba.

Uliniuliza kasema nini juu yako. Ofisi nzima imechoka na wewe. "Kijana wangu anasikiliza chuma. Kijana wangu akikata hesi, husikii kelele." Mkuu wangu aliuliza kama ni kijana wa kumzaa, akasema ndiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na nati niliyoichora mwenyewe mkononi, na hakuna aliyeitazama. Kwa hiyo sasa umelipwa.

Nilimwuliza pia kama anajua kwamba ulininyima lile neno la kushoto kwa makusudi. Akasema, "Mimi ndiye niliyekunyima kwanza, binti yangu. Kijana alifuata njia aliyoikuta."

Anarudi Jumamosi na skrubu. Mimi nitakuja likizo, mwezi ujao. Baba kasema nati ya shaba nitaikata mimi. Amesema pia kwamba wewe ndiye utakayesimama nami, kwa kuwa macho yake hayaoni tena alama za vipimo kwenye mpini. Ukikataa, sema sasa.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Mama Mkubwa anakusalimu, kapanda ngazi bila kupiga kelele, na bado dawa haifanyi kazi.

Skrubu imerudi, nati nimeifunga. Bi Kizee kaamka! Mpini ukizunguka, kisu kinatii. Nilikereza kipande cha bomba kwa kumjaribu, kimetoka kinang'aa hadi muuza vioo kanisalimia. Plastiki yako ni nzuri. Nimeandika mara moja, sirudii.

Baba Mkubwa kaniambia kila kitu nifanye, ila nati ya shaba nisiiguse. Nimepita mbele ya lile pande la shaba siku nzima kama mbwa mbele ya bucha. Naijua kila hatua ya kazi ile. Mikono inaniwasha. Na nikifikiria ni wewe utakayesimama pale na yeye nyuma akisikiliza, moyo unakereka, sikufichi. Nilitamani sana kukataa. Nilianza hata barua nyingine.

Kisha nikakumbuka mambo ya mpini ule ambayo baba yako hawezi kukwambia, maana yeye hayajui tena, yapo mkononi tu. Kuna mahali unalegea kidogo kabla haujashika. Ukianza kukata hapo umekwisha. Utalijua tu ukiwa umeushika na mtu akakwambia "bado... bado... sasa". Mtu huyo ni mimi, hakuna mwingine.

Uje na nguo za kuchafuka. Nywele zisuke unavyotaka, nimeweka kinga ya bati.

Na jua mapema: ya kwanza utaiharibu. Kila mtu huiharibu, na hesi za kushoto ndiyo kabisa. Kwa hiyo nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea nikamsumbua mpaka akanipa pande la pili la shaba. Moja la kuharibu, moja la kazi. Ukiharibu yote mawili nitafurahi sana, nitawaita majirani waje kuona, halafu nitakwenda kukutafutia la tatu.

Mdogo wako